Pikipiki ya Baba Domi na Ile R Niliyoiacha

Mimi ni mtu mzima sasa. Nina miaka kumi na saba na nusu, na ile nusu naitaja kwa sababu nimeitolea jasho, kwa hiyo nina haki ya kukaa chini na kukumbuka ujana wangu. Kilichonikumbusha ni ubatizo. Jumapili iliyopita, mjini Biharamulo, mtoto wa Domitila alimwagiwa maji kichwani akalia kidogo tu, kwa adabu, na watu wazima wakasema huyu ametulia, hana kelele kama yule mtoto mwingine. Wote wakacheka. Yule mtoto mwingine alikuwa amesimama nje chini ya turubai, ana magurudumu manne yenye meno, usukani kama pembe za ng'ombe, na kiti kirefu cheusi ambacho nikiwa kidato cha pili nilikitamani kuliko nilivyotamani kufaulu hesabu. Kisha Baba Domi, babu wa mtoto, akasimulia kwa mara ya mia jinsi ulimi wake mbovu ulivyomwoza binti yake. Watu wakaupigia makofi ulimi. Mimi nilikuwa kwenye benchi karibu na sufuria la pilau, nimenuna, kwa sababu ule ulimi haukufanya kazi yoyote. Kazi ilifanywa na kidole changu.

Baba Domi ni baba wa Domitila, ambaye ni fundi cherehani, na wa Adventina, ambaye alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Wana duka pale Runazi na shamba la mahindi ng'ambo ya bonde. Mwaka ule tulipoingia kidato cha pili, shirika moja lililokuwa likihudumia wakimbizi lilifunga virago na kuuza vitu vyake kwa mnada. Baba Domi alikwenda kununua tenki la maji. Alirudi na pikipiki ya magurudumu manne, imefungwa kwa kamba juu ya lori kama fahali, na tenki hakuna. Mama Domi aliizunguka mara mbili, akauliza maji yanawekwa wapi. Mume wake akamjibu kwamba hii ni mashine ya kazi, itabeba mahindi, itapanda vilima, haijui matope. Akaipa jina Mtoto, kwa sababu, alisema, ameipata uzeeni. Kufikia siku ya tatu jina lilikuwa na maana nyingine: ilikuwa inaamsha nyumba nzima kwa kulia, na inagoma kila unapoihitaji.

Ile kelele sijui niielezeje kwa mtu ambaye hakuwepo. Sailensa ilikuwa imeliwa na kutu, hivyo moto wote ulitokea pembeni kwenye ufa, na ilikuwa kama mtu anapasua mabati huku anakohoa. Mbuzi walikata kamba. Kuku wa Mama Domi waliacha mayai wakahamia kwa jirani. Katekista alijifunza kunyamaza katikati ya sala, kuinua mkono kama askari wa barabarani, kungoja Mtoto apite, halafu kuendelea na "na utusamehe" pale alipoishia. Mwenyewe Baba Domi akishuka kwenye kiti masikio yake yaliendelea kulia nusu saa nzima, na kwa hiyo alikuwa anapiga kelele hata akiomba chumvi. Nilikula kwao Jumamosi nyingi mwaka ule, kwenye chumba chao cha mbele chenye kochi la vitambaa vya kufuma, ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na mazungumzo ya mezani yalikuwa hivi: yeye anafoka kwamba plagi imelowa, mkewe anasema kwa sauti ya chini kwamba tenki la maji halina plagi. Yeye anafoka kwamba spea zake hazipo Biharamulo, hazipo Kahama, kila duka wanamwuliza hii ni bajaji au trekta. Mkewe anasema tenki la maji halina spea. Siku moja alisema hivyo huku anampakulia maharage mengi kuliko sisi wote, na Baba Domi akala kimya, na ule ulikuwa mlo pekee uliopita kwa amani.

Ngoja niseme ukweli sasa, maana utani nao una mwisho wake. Niliwaonea wivu. Niliionea wivu pikipiki, halafu nikayaonea wivu mpaka malalamiko yao. Kwetu hakuna kilichoharibika mwaka ule kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuharibika. Jembe haliwezi kugoma asubuhi. Wao walikuwa na kabureta iliyokunywa maji, betri iliyokufa, tairi ambalo saizi yake haijulikani duniani. Nilikuwa naondoka mezani kwao nikiwa nimeshiba maneno, na Jumatatu shuleni nilisimama kwenye bomba la maji nikashika kiuno, nikawaambia wenzangu, "Yaani sisi hii sailensa itatuua." Sisi nani? Hakuna aliyeuliza. Msichana mmoja alinipa pole.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa njia. Kutoka kwetu mpaka sekondari ni saa nzima kwa miguu, na mimi na Adventina tulikuwa tumeitembea pamoja bila kukosa siku, mimi nikiigiza walimu, yeye akicheka mpaka anakaa chini barabarani. Tulikuwa na kipande chetu cha muhogo mbichi, tunaumega kati kwenye daraja la magogo. Mtoto alipokuja, Adventina akawa anapelekwa. Kiti kile kinabeba wawili tu: dereva na mmoja nyuma. Nilikuwa nawasikia tangu wakiwa kilimani kwao, nasogea pembeni kwenye majani, wanapita, yeye ameziba masikio kwa vidole viwili na macho ameyafumba, na mimi nabaki na vumbi na muhogo mzima. Alipokuwa akinilalamikia baadaye kwamba kichwa kinamgonga mpaka kipindi cha tatu, nilimwambia masikini, pole sana, kwa ile sauti ambayo mtu anaitumia akitaka kuuma.

Lakini Mtoto alikuwa anakufa. Uzuri wake ndio huo. Wiki moja anakufa Jumanne, wiki nyingine Jumatano na Alhamisi. Baba Domi alikuwa anavuta kamba ya kuwashia, ile inayofanana na ya jenereta, anavuta kama anagombana na mbuzi wa mtu mwingine, na mashine inasema "puh" na kunyamaza. Kila mara ikiguswaguswa hukutwa waya wa plagi umechomoka, na kila mara anaapa kwamba jana aliubana mwenyewe. Siku hizo Adventina alikuja kwa miguu, na tulikuwa watu tena. Muhogo tuliumega darajani. Nilianza kulala nikimwombea Mtoto kifo chema.

Aliyekuwa anazuia kifo hicho ni fundi Sadoki, kijana wa Biharamulo, mrefu, mwenye kucha safi kupita kiasi kwa fundi. Alikuwa anaitwa kwa simu, anakuja na boda, anachuchumaa kando ya Mtoto, ambaye yeye alimwita mashine tu, anagusa hapa, anagusa pale, na shughuli ya dakika tano inachukua mpaka saa nane mchana. Domitila alikuwa anaacha cherehani kumpelekea chai. Sikutilia maanani chai. Nilikuwa natazama mikono yake tu na kuichukia, kwa sababu kila alipoondoka Mtoto alikuwa analia tena, na mimi narudi majanini.

Sasa simu. Baba Domi hakuwa anaona herufi ndogo, na Adventina alikuwa anaandika anavyotamka, na kwao, kama kwa watu wengi wa kwetu ambao Kiswahili walikipata shuleni na sokoni, L na R ni ndugu wanaovaliana nguo. Mimi mwalimu alikuwa amenisifu mbele ya darasa kwa kutozichanganya. Hivyo meseji za maana nilikuwa naitwa kuandika mimi. Siku ile, wiki mbili Mtoto akiwa amelala na Adventina akiwa wangu kila asubuhi, Baba Domi alikaa kwenye kochi akanikabidhi simu kama anayekabidhi ufunguo wa kanisa. Walikuwa wamekwisha kuzungumza na fundi juu ya ule ufa wa sailensa, pale mahali panapotoa kelele. Akaniambia:

"Andika kwa adabu. Fundi, njoo Jumamosi tuangarie ile mahari. Usicherewe. Mtoto anateseka."

Nilielewa. Mtu asije akasema sikuelewa. Mwalimu angetaka "mahali pale", lakini Baba Domi husema "ile mahali" kama watu wote wa sokoni, na ulimi wake ulikuwa umeiongezea R. Niliandika "tuangalie", nikaitengeneza. Niliandika "usichelewe", nikaitengeneza. Nilipofika katikati kidole kilisimama. Nilikuwa nimesikia kwamba vijana wa mjini wakitajiwa mahari hubadilisha laini ya simu. Fundi akikimbia, Mtoto atakufa moja kwa moja, na kiti kitaota kuvu. Nikaiacha ile R moja kama ilivyo. Baba Domi alitaka nimsomee; nikamsomea haraka, kwa matamshi yake, na akaridhika kwamba kimeandikwa Kiswahili cha shule.

Jumamosi mimi na Adventina tulikuwa jikoni tunapukuchua mahindi, na dirisha la jikoni linatazama uani. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyezika adui. Saa nne wakaingia watu wawili: Sadoki, amevaa suti ya kahawia iliyombana mabega, na mzee mwenye kofia ya pama, na nyuma yao boda amebeba dumu la njano. Baba Domi alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Aliwaza kwamba suti ni ya kanisani, kwamba mzee wa kofia ni fundi mkuu aliyeletwa kwa sababu ugonjwa umekuwa sugu, na kwamba kwenye dumu kuna petroli. Akalichukua dumu kwa mikono yake akaliweka kivulini mbali na moto. Lilikuwa pombe ya ndizi.

Walikaa kwenye viti vya uani. Yule mzee alikuwa mshenga, akavua kofia akaiweka gotini, na alianza kishenga, polepole, akisema wameitikia wito na wangependa kwanza kumfahamu mtoto. Baba Domi akamjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, yeye hatamficha fundi kitu. Mtoto huyu nguvu anazo, kilima chochote anapanda na mzigo mgongoni. Tatizo ni kelele. Mshenga akatabasamu, akasema kelele si neno, hata mama yao nyumbani anazo. Baba Domi akatikisa kichwa kwa huzuni: huyu wake anasikika kijiji cha pili, na asubuhi haamki, mpaka avutwe kwa kamba.

"Kwa kamba?" akauliza mshenga.

"Kira siku. Bega rinaniuma. Mama yake naye anasukuma."

Mshenga alimtazama Sadoki. Sadoki aliitazama ardhi. Alionekana anafikiri kwa bidii jinsi ya kuishi na jambo hilo. Adventina alikuwa amejaza kanga mdomoni. Mimi sikucheka, na ndiyo mara pekee maishani mwangu kitu cha kuchekesha kimetokea mbele yangu nikashindwa kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona kwamba hawakukimbia. Mshenga akajikaza, akauliza kwa upole kama kuna wengine waliowahi kuja kwa ajili ya mtoto huyu.

"Wengi," Baba Domi akasema. "Wazungu wamemtumia miaka nane. Wakamchoka, ndipo nikampata mnadani."

Kofia ilirudi kichwani kwa mshenga. Ndipo Domitila akatokea mlangoni na sinia la chai, vikombe vinagongana kama meno, akamwuliza baba yake anamzungumzia nani. Baba Domi akasema, mtoto. Mtoto yupi? Akaonyesha bandani. Mshenga akasema, neno moja moja, kwamba wao wameitwa kuangalia mahari.

"Ndiyo," akasema Baba Domi. "Mahari yenyewe ni huku nyuma, kwenye ekzosi."

Sikumbuki nani alielewa kwanza. Ninakumbuka Sadoki akitoa simu mfukoni, mshenga akiisoma meseji kwa sauti kubwa, herufi kwa herufi, na Baba Domi akisimama huku shingo imemvimba, anauliza mbele ya wageni ni nani amemtangaza binti yake kwenye simu kama debe la maharage. Aliita jina langu. Nilitoka jikoni na pumba za mahindi kwenye nywele. Nilijua akigundua sitakanyaga tena uani kwake, na Adventina hatatembea nami hata Mtoto akifa mara kumi. Nikasema shikamoo, ingawa nilikuwa nimemwamkia asubuhi.

Adventina ndiye aliyepita mbele yangu.

"Baba, hebu sema mahali."

"Mahari."

"Sema tena, polepole."

"Ma-ha-ri."

"Basi. Evodia kaandika ulichosema."

Mama Domi alikuwa wa kwanza kucheka, kicheko kilichokuwa kimengoja tangu siku ya tenki la maji. Mshenga akacheka, akavua kofia. Baba Domi alikaa chini, akautoa ulimi wake kidogo akaushika kwa vidole viwili kama anataka kuukagua. Wangeweza kuachana pale kwa kicheko, watu wanyanyuke, boda aondoke na dumu. Lakini Domitila aliliweka sinia juu ya kigoda, akaikunja kanga yake vizuri, akauliza bila kumtazama mtu, "Kwa hiyo mmekuja bure?" Sadoki akasema hapana. Alisema mara tatu. Na petroli ikafunguliwa.

Adventina alinifinya mkono tuliporudi jikoni, akanifinya kweli, mpaka ikaacha alama. Nilijua anajua.

Kwa hiyo tazameni akili yangu. Nilitaka pikipiki ikose fundi, nikaipatia fundi mkwe. Kazi ya kwanza aliyoifanya Sadoki kuonyesha heshima ukweni ilikuwa kuleta sailensa ya pikipiki kubwa, akaikata, akaichomea, na kelele ikabaki mnong'ono. Ya pili, aliuzungushia waya wa plagi kawaya kembamba ka baiskeli, akakasokota kwa koleo. Haukuchomoka tena. Mtoto hakufa hata siku moja tangu mwezi ule mpaka mitihani. Baba Domi alianza kuzungumza kwa sauti ya kawaida, na nikagundua kwamba ana sauti nzuri. Kuku walirudi. Mimi nilitembea peke yangu, nikaigiza walimu mbele ya miti. Na Januari, ndoa ikiwa imefungwa, iliamuliwa Adventina ahamie Biharamulo kwa dada yake, akasome huko. Asubuhi aliyoondoka nilikuwa njiani, karibu na daraja, na sikuwasikia wakija. Zamani ningewasikia tangu kilimani, ningekuwa na muda wa kupanga uso. Nilishtukia kiti kimekwisha kunipita, begi limefungwa nyuma, na Adventina amegeuka, masikio yake wazi, anasema neno ambalo sikulidaka.

Basi ndiyo maana Jumapili, walipoupigia ulimi makofi, nilinuna. Utani wangu bora kuliko yote, na sifa kachukua mzee. Nilikuwa namwonea wivu mpaka mtoto mchanga, kwa kuwa yeye amelala kifuani kwa Adventina mchana kutwa na mimi nimekaa na sufuria. Tuliosha vyombo pamoja bila maneno mengi. Miaka miwili inamfanya mtu awe na adabu kwa rafiki yake, na adabu ni kitu kibaya sana. Aliniuliza kuhusu shule, nikamjibu kama namjibu mkaguzi.

Jua lilipopungua makali Baba Domi akaniita mbele za watu. Alisema ameambiwa na mkewe kwamba tangu Mtoto anunuliwe sijawahi kukalia kile kiti, na kwamba Mama Domi atarudi na basi kesho.

"Reo unapanda wewe mpaka Runazi."

Naapa nilifunga kilemba upya. Niliukunja mkoba wangu, nikaikunja na sura, maana nilitaka kupita stendi nikiwa nimenyooka watu wanione. Nilikuwa nimefikiria mpaka jinsi ya kulalamika: mgongo unaniuma, yaani hiki kiti. Baba Domi akavuta kamba. Puh. Akavuta tena. Puh. Akamwita Sadoki, ambaye alitoka ndani anatafuna, akainama, akatazama ubavuni mwa injini, akamtazama shemeji yake kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Kisha akasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba hii ni kabureta, itachukua muda.

Adventina alikuwa kando yangu, povu bado mkononi. Akafungua ngumi chini ya kanga, kidogo tu. Ndani kulikuwa na kale kawaya ka baiskeli.

"Kwani mwaka ule ulidhani ulikuwa unachomoka wenyewe?" akaninong'oneza.

Nilisimama na kilemba changu nilichokifunga upya. Kila Jumanne, kila Alhamisi, mle bandani, kabla baba yake hajaamka. Na fundi alijua tangu siku ya kwanza, akaurudishia na kukaa kimya, mradi chai inakuja. Miaka yote nilikuwa najihesabu kuwa mtundu namba moja wa Runazi, kumbe nilikuwa wa tatu. Na ile R yangu ndiyo iliyomleta mtu wa kuusokota waya. Sikujua kama nimkumbatie au nimpige kofi. Kile kiti kilikuwa hatua mbili kutoka nilipo.

Baba Domi akatuambia tutangulie kwa miguu, ikiwaka atatukuta njiani. Tukaishika barabara ya kuelekea bomani. Adventina alikuwa ameficha kipande cha muhogo mbichi kiunoni, amekiiba jikoni kwa dada yake, tukakimega. Zamani tungeisikia inakuja tangu sokoni. Siku hizi haina sauti. Ukitaka kujua kama iko nyuma yako lazima ugeuke. Adventina aligeuka mara moja, nikamwambia atazame mbele, atajikwaa.